Meno ya Bizimu

Kisekka nimeizunguka tangu asubuhi
na kipande cha mkanda mfukoni, urefu wa kiganja,
na bolti moja, maana bolti haidanganyi.
"Pijo 404," nasema. "Ya sitini na saba."
Wauzaji wananicheka kwa upole.
Wananiletea mikanda ya Korona, ya Raumu, ya basi,
myeusi, inajikunja yenyewe kama ulimi wa kinyonga.
"Mkanda ni mkanda, dada."
Nawapa bolti. Wanajaribu. Haiingii.
Tunaagana vizuri.

Gari langu halina pa kuweka kigurudumu cha kukunjia.
Mkanda wake haurudi nyuma,
haujikazi wala haujilegezi. Unaupima mwilini mara moja,
unafunga bizimu ya kromu, tak,
na wewe na kiti mnakuwa kitu kimoja
mpaka Iganga.

Baada ya wiki mbili Kalungi akanipigia.
Amepata jozi Mbale, ghala la marehemu fulani,
boksi halijafunguliwa, karatasi ya mafuta bado inanukia.
Nilitoa pesa ya bati la jikoni.
Rangi ile ile, kijivu cha kifua cha njiwa.
Lebo ile ile. Nililipakata boksi njia nzima hadi Jinja
kama mtoto mwenye homa.

Balidawa, aliyefuma kiwandani miaka kumi na tisa
kabla hajawa mshonaji wa viti,
hakuutazama uzuri wake. Aliukwaruza ukingo kwa ukucha.
Vumbi likaanguka, jeupe, kama unga wa muhogo.
"Uzi huzeeka hata gizani," alisema.
"Huu utakushika vizuri sana
mpaka siku utakapouhitaji."

Basi, nikamwambia, shona utepe mpya
kwenye bizimu za zamani.
Akavua miwani.
"Kiti nikikishona vibaya utakaa upande.
Huu siushoni. Sina mashine ya kifua cha mtu."

Usiku ule niliung'oa wa kushoto, mkanda wa mama.
Nilitaka tu kupima urefu.
Chini ya taa nikaona alama za meno
pale kibano kilipouma kitambaa.
Ya kwanza imezama: kiuno cha binti wa miaka ishirini na miwili.
Ya pili, shubiri moja mbele.
Ya tatu karibu na mwisho kabisa, hafifu,
kama ilikaa miezi miwili tu.
Mimi ni wa Machi.
Ile ni Januari na Februari.

Mikanda sahihi ilifika mwezi wa tisa kwa basi la Malaba,
imefumwa mwaka huu kwa kipimo cha kale,
ina mhuri wa kupimwa nguvu.
Bolti iliingia kwa vidole, bila spana, hadi nusu.
Ila kijivu si kile. Ni kijivu cha sufuria.
Siku ya maonyesho kuna mwanamume atainama dirishani,
atasema, rangi umekosea.
Na aseme.

Mama, sabini na minane, aliingia kwa kutanguliza makalio,
kama zamani, mkoba mapajani.
Akavuta mkanda, ukambakia mwingi mkononi,
wa kumtosha na mtu mwingine.
"Mbona mrefu hivi?"
Nilikuwa nimeupima kwa alama ya tatu.
Sikumwambia. Niliinama nikaupunguza
kidogo, tena kidogo,
nikaipita ya pili, nikaipita ya kwanza,
mpaka mahali ambapo ule wa zamani
haukuwahi kuumwa.
Tak.
"Haya," akasema, akitazama mbele, "mvua isitukute Bugembe."